Saa ya Shangazi na Zile Tisa Nne

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Shangazi amesafiri leo kwenda kwenye semina ya wakunga ya siku saba. Ameniachia skuta. Nairudia, ili historia isije ikapotoshwa: ameniachia mimi, si binamu zangu wala jirani, skuta aliyoitumia kuwafuata wajawazito kwa miaka kumi na mmoja. Nilipokea ufunguo kwa mikono miwili.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, nisizidi arobaini, kwa kuwa yeye hajawahi kuzidi. La pili ndilo lililoniacha kinywa wazi. Aliniinamisha juu ya saa, maana ndivyo anavyokiita kile kioo chenye mshale wa mwendo na tarakimu za kilomita, akanisomesha kama mtoto wa chekechea: 19,862. Kisha akasema nina kilomita mia moja, basi. Nikauliza kama ni mambo ya petroli. Akasema petroli si hoja.

"Zile thelathini na nane za mwisho ni zangu," alisema. "Elfu ishirini ikigeuka nataka niione kwa macho yangu, nikiwa nimeikalia."

Nilimtazama mwanamke huyu, aliyekwisha kupokea watoto wa mitaa mizima, akiisubiri namba kama mtoto anavyosubiri nguo mpya. Nilitaka kumfafanulia kwamba tarakimu ni makubaliano tu ya jamii na hazina utukufu wowote ndani yake. Basi likaondoka kabla sijamaliza utangulizi.

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Kampeni zimeanza. Nagombea uenyekiti wa serikali ya wanafunzi. Ilani yangu ina kurasa kumi na nne, bila viambatisho. Mpinzani wangu, ambaye chuo kizima kinamwita Katibu kwa kuwa amekuwa katibu wa kila kitu tangu mwaka wa kwanza, ana karatasi moja isemayo atatengeneza mabomba ya mabweni. Hana itikadi. Anasoma uhandisi.

Pamezuka tatizo. Nyumbani hadi chuoni ni kilomita tisa. Asubuhi nilikwenda, mchana nikarudi kuchukua ilani niliyoisahau, kisha nikaenda tena. Saa inasoma 19,889. Kilomita ishirini na saba kwa siku moja, na sijahutubia hata kichaka. Kwa mwendo huu, kabla ya Ijumaa nitakuwa nakanyaga zile thelathini na nane za watu.

Nikachuchumaa penye gurudumu la mbele. Pembeni ya ekseli pana nati ya duara iliyoshikilia waya mweusi unaopanda hadi kwenye saa. Nikaigusa. Ikalegea kwa vidole tu. Waya ukachomoka kwa adabu, kama aliyekuwa akisubiri kuombwa.

Nikaendesha kuuzunguka uwanja. Mshale umelala kwenye sifuri. Tarakimu kimya. Miti inapita, watu wanapita, na mahali pa kumbukumbu hapaandikwi kitu. Niliingiwa na kicho. Miaka mitatu nimesoma nadharia za uhuru, kumbe uhuru unafungwa kwa nati moja.

Na wala si udanganyifu. Nimezihifadhi thelathini na nane za Shangazi mahali ambapo hata mimi mwenyewe siwezi kuzigusa.

Katibu alipita akaniuliza mbona waya unaning'inia. Nikamjibu kwamba wapo wanaoona waya na wapo wanaoona upeo wa macho. Akasema sawa, ila huo waya unaburuzika chini.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Jana, nikijumlisha na ile ya kurudi nyumbani Jumatatu usiku, nimekwenda kilomita arobaini na sita. Leo sabini. Ni makadirio ya ramani, maana hakuna wa kunihesabia. Nimehutubia maktabani, kwenye foleni ya benki, kwenye mazoezi ya mpira na mara mbili getini. Kipaza sauti kimefungwa mbele ya usukani. Nahutubia nikiwa nakwenda, hoja hazipati nafasi ya kupingwa.

Jioni, nikipanda kilima cha lile bweni la nje, katikati ya sentensi kuhusu hadhi ya binadamu, nilihisi mtikisiko usio wa kawaida, kana kwamba jambo kubwa limepita chini yangu. Nadhani ilikuwa historia. Inawezekana pia lilikuwa shimo.

Saa bado inasoma 19,889. Nimekifuta kioo kwa leso. Kesho naurudisha waya mahali pake.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimeurudisha. Nimeikaza nati kwa heshima zote. Nikaendesha. Mshale haukunyanyuka.

Nikasimama, nikaifungua, nikaikaza tena, nikaendesha. Sifuri. Nikaigonga saa kwa kifundo cha kidole. Sifuri. Nikaihutubia. Sifuri.

Nikaisukuma hadi kwa Fundi, hatua mia nne kutoka nyumbani. Huyu ni mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, na pikipiki sita zilikuwa zikimsubiri kama wagonjwa. Hakuacha alichokuwa akikifanya. Aliuliza tu:

"Saa imekufa saa ngapi?"

Nilianza kumweleza mazingira ya jumla. Akaniambia nichuchumae. Na hapo, naandika bila kutia chumvi, nilishuhudia ufafanuzi ulio safi kuliko mihadhara yote niliyowahi kuihudhuria. Alisema mtu hatafuti ubovu kwa kuutazama mshale, kwa sababu mshale ni wa mwisho kupata habari. "Anza chini, msomi. Gurudumu linaizungusha gia, gia inauzungusha waya, waya unaizungusha saa. Waulize mmoja mmoja nani kalala."

Tukawauliza. Aliinyanyua mbele ya skuta, akaniambia nizungushe gurudumu huku nikichungulia pale nati inapokaa. Kijino cha gia kikazunguka. Huyo yu macho. Kisha akauvuta waya wa ndani kutoka kwenye ganda lake jeusi, taratibu. Ncha yake ya chini ilikuwa imechambuka kama mswaki uliochoka, imejaa tope na mchanga. Huyo ndiye marehemu. Akauliza kama waya huu ulipata kuburuzwa chini. Nikasema sababu za kihistoria za hali hii ni nyingi na zinaingiliana. Akasema ndiyo, uliburuzwa.

Akanipa waya mpya wa ndani na kikopo cha grisi, akaniambia niupake mwenyewe kwa kuwa mikono ninayo. Nipake kidogo, tena juu kabisa, upande wa saa, niuache shubiri nzima mkavu.

Kidogo. Mkavu. Hii ndiyo lugha ya wapenda suluhu. Mimi si mtu wa nusu nusu. Nilimaliza kikopo.

Na matokeo yakaonekana! Nilikwenda chuoni na kurudi, mshale ukipanda na kushuka laini kama pumzi ya aliyelala. Saa inasoma 19,907. Nakaribia kuamini kwamba nina kipawa.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Asubuhi nimekuta skuta imesimama ukutani, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, na mshale unaonyesha themanini.

Nilikaa kwenye ngazi nikautazama. Themanini, bila kusogea hata unywele. Shangazi mwenyewe, kwa miaka kumi na mmoja, hajapita arobaini. Kwa muda, niseme ukweli, nilifikiri nimeshuhudia kitu ambacho sayansi bado haijakiandika.

Nikaisukuma tena kwa Fundi. Huko nikamkuta Katibu, ambaye eti kila Ijumaa hushinda pale akijifunza kazi. Nilijua mara moja kuwa ni mbinu ya kampeni. Alitazama mshale, akatazama mikono yangu, akauliza nilipaka grisi kiasi gani. Akaeleza kwamba waya unaozunguka huipandisha grisi kama maji yanavyopandishwa kisimani, na kwamba kikopo kizima sasa kiko ndani ya saa. Wala hakunicheka. Kunisitiri mbele ya watu! Kuna ukatili wa namna nyingi.

Tukaifungua saa juu ya meza, yeye akisafisha kwa pamba na petroli, mimi nikimulika. Na sasa ninaweka kalamu chini kidogo.

Nimeichukua tena. Ndani ya saa, waya unazungusha sumaku ndogo, ukubwa wa kifungo cha shati. Juu ya sumaku kuna kikombe chembamba cha bati jeupe, na mshale umepandikizwa kwenye kikombe hicho. Sumaku ikizunguka, kikombe hutaka kuifuata. Springi nyembamba kama unywele hukishika kisiende mbali. Nikamuuliza Katibu ni kitu gani kinachoiunganisha sumaku na kikombe. Akasema hakuna.

"Havigusani?"

"Havigusani. Chungulia mwenyewe."

Nikachungulia. Kati yao kuna uwazi, mwembamba kuliko karatasi ya ilani yangu, na ndani ya uwazi ule hamna kitu. Akauzungusha waya kwa vidole, na kikombe kikageuka kidogo, peke yake, kama mtu aliyesikia akiitwa. Shangazi amepanda kitu hiki kila siku, na ndani yake muda wote kitu kimekuwa kikisogeza kitu bila kukigusa. Katibu anadai nilinyamaza dakika nzima, na kwamba tangu mwaka wa kwanza hajawahi kuliona jambo hilo.

Usiku huu nimeiandika upya hotuba yangu ya mwisho. Kiongozi ni sumaku, umma ni kikombe. Nitaitoa kesho, saa nane kamili, ukumbini.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Naandika kwa utaratibu, kwa kuwa siku hii itahitaji ushahidi.

Mchana Fundi aliibana saa kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akaunganisha waya wake na drili ya umeme, ili tuijaribu mezani kabla ya kuirudisha kwenye skuta. Akaitwa kukwamua lori. Akaniachia maagizo matatu. Nizungushe polepole. Iwe nusu dakika tu. "Usizidishe. Angalia saa," alisema. La tatu alilisema akiwa mlangoni, nami nilikuwa nimeinama nikikitafuta kile kikombe kupitia upenyo wa kioo, hivyo sikulipata vizuri.

Nikawasha saa saba kasorobo. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye sabini na mbili, ukatulia. Ushindi! Nikataka kuzima.

Lakini nikaona tarakimu zikitembea. Na papo hapo nikaliona shimo lililokuwa mbele yangu. Saa ilisoma 19,907, yaani kilomita arobaini na tano kwa wiki nzima. Shangazi anaijua njia ya chuoni, na anajua kuzidisha. Siku tano, kwenda na kurudi, ni tisini. Uadilifu wenyewe ulidai niongeze. Nikaamua kuifikisha 19,960 kisha nizime.

Hiyo nayo ilihitaji dakika arobaini na nne. Drili ikapata moto. Nikaifungia kitambaa kibichi, nikawa naipepea kwa ilani, kurasa zote kumi na nne. Hazijawahi kutumika vizuri hivyo. Saa saba na nusu ikafika 19,960. Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi.

Naapa kilikuwa tayari. Ila tarakimu ya tisa katika mamia ilikuwa imetulia pale kama mlinzi, na sita katika makumi ikawa inajiandaa kuwa saba, na nikajisemea nione saba tu. Saba ikaja. Nane ilikuwa jirani. Ilipofika tisini nikaacha kujidanganya na kuvuta kiti.

19,997. 19,998. 19,999. Tisa nne zimepanga mstari. Tarakimu nyekundu ya pembeni, ile ya mita mia mia, ikaanza kupanda: saba, nane, tisa. Kisha ikaisukuma jirani yake, na jirani akamsukuma jirani, na wale wanne wakainuka kwa wakati mmoja, bila amri, bila kipaza sauti, na yule moja mzee wa mwisho kushoto, ambaye hakuwahi kutikisika mbele ya macho yangu, akapinduka pamoja nao. Nimelitumia neno mapinduzi kwa miaka mitatu. Sikuwa nimewahi kuyaona.

20,000. Machozi yalinitoka. Nilikuwa peke yangu.

Peke yangu. Ndipo nikamkumbuka mwenye elfu ishirini.

Nilipopata fahamu ilikuwa 20,003. Nikaizima. Nikatafuta njia, na pale kwenye shingo ya drili nikaona kitufe kidogo chenye mshale wa kwenda na mshale wa kurudi. Kumbe historia inarudishwa nyuma kwa kitufe! Nikakigeuza, nikawasha. 20,002. 20,001. 20,000. Zile tarakimu zikaanza kuinama tena kurudi kwenye tisa, zote kwa pamoja, na zilipofika katikati kabisa, nusu tisa nusu sifuri, waya ukalia pwaa na kufumuka kama kamba ya katani.

Agizo la tatu, nimelikumbuka sasa, lilihusu kutozungusha kinyume.

Katibu alinikuta saa tisa. Alieleza kwamba waya ule husukwa kwa kuelekea upande mmoja tu. Alieleza pia kwamba ukumbi ulijaa, kwamba yeye mwenyewe aliwaomba watu wanisubiri dakika arobaini, na kwamba mwishowe alizungumzia mabomba kwa dakika tatu na wakaenda zao.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Nilikuwa naangalia saa," nikasema.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Fundi alikwisha kumsimulia yote kwa simu, hivyo Shangazi alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja kwake, begi mkononi. Nikampa shikamoo. Nilikuwa nimeandaa ungamo lenye sehemu tatu na hitimisho. Alininyooshea kiganja, nikakaa.

Akainama juu ya saa iliyobanwa kwenye jiliwa. Aliitazama muda mrefu, zile tarakimu zilizokwama nusu nusu. Hakufoka. Ningependa angefoka.

Aliniambia nitaje safari zangu zote, siku kwa siku, nisiruke hata moja. Nikataja. Alihesabu kwa kugusisha kidole gumba kwenye vidole vingine, hivyo hivyo, nadhani, anavyohesabu uchungu wa mzazi kati ya mkazo na mkazo. Jumatatu ishirini na saba. Jumanne arobaini na sita. Alipofika Jumatano, zikiwa zimebaki sitini na tano na mimi nimekwenda sabini, akasimama, akauliza niliishia wapi siku ile. Nikasema nilishuka kilima cha bweni nikaja nyumbani.

"Kutoka kilimani hadi kwangu ni tano," alisema polepole. "Basi ilikuwa pale. Elfu ishirini ya kweli ilipita pale juu, nawe unapiga kelele na kipaza sauti."

Fundi aliweka spana chini. Ule mtikisiko! Nilikuwa nimeuhisi, nikauita shimo. Nilimtazama Shangazi usoni, nikazikunja kurasa za ungamo nikazitia mfukoni.

Yeye aliinyoosha shingo, akashusha pumzi.

"Saa haikuiona," akasema. "Mimi sikuiona. Basi haijafika. Fundi, nitilie waya."

Fundi akairudisha saa kwenye skuta, akatia waya mpya, akapaka grisi kidogo, juu akaacha shubiri pakavu. Akasema zimebaki kama mita hamsini. Shangazi akavaa kofia yake, akakifuta kioo kwa upindo wa gauni, akaipanda. Akatoka nayo barabarani kwa mwendo wa mtu anayemwongoza mgonjwa. Mimi nilikimbia ubavuni. Mbele ya duka la mikate zile sifuri zikakaa sawasawa, zikajifunga: 20,000. Akaisimamisha pale pale, katikati ya barabara. Mwenye baiskeli ya mikate akapiga kengele, kisha akaacha kupiga.

"Wa kwanza niliyemfuata na skuta hii," alisema, akiizungumzia saa, si mimi, "alikuja miguu mbele. Sasa yuko darasa la tano, ananisalimia njiani."

Nikaona tarakimu zile upya. Si makubaliano ya jamii. Kila moja ina mlango iliobisha hodi.

Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka. Nikampa ufunguo wa akiba. Nimerudi kwa miguu.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Matokeo yametoka. Katibu kura mia sita na kumi na mbili, mimi arobaini na moja. Ni msingi imara. Natembea kilomita kumi na nane kwa siku, natafakari. Nimejifunza mengi mno wiki hii, hasa unyenyekevu, na ninaandaa mada juu yake.

Shangazi yuko zamu hadi jioni. Ameniomba jambo moja tu: nimwagilie maua, nisiguse kitu kingine. Nilipokuwa nikivuta mpira wa maji nikakiona kisanduku ukutani, kifuniko kimepata kutu. Nikakifunua. Mita ya maji. 09,998.

Nilikaa chini.

Nikafungua bomba la uani. Baada ya robo saa, la jikoni. Kisha la bafuni na la sinki la kufulia. Ni kwa ajili ya maua, na ndoo zilihitaji kujazwa. 09,999. Tisa nne, mstari mmoja, na sifuri mzee kushoto ambaye hajatikisika tangu nyumba ijengwe. Safari hii nitamwita Shangazi. Nitaizuia pale pale kwenye ukingo, nimngoje arudi, tuione pamoja. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Ila imesimama yenyewe. Mabomba yote manne yanamwaga, uani pamekuwa ziwa, maua yanaelea, na tarakimu hazitikisiki. Nimegonga kioo. Nimeihutubia. Fundi bomba hapokei simu, na kumpigia Katibu ni kumpa kura ya mia sita na kumi na tatu.

Anza chini, msomi. Nimeanza chini. Pembeni ya mita, pale bomba kuu linapoingilia, pana nati ya duara.

Inalegea kwa vidole tu.